Bujiku Alipoulizwa Kama Amekubali Ndoa

Ukimwona Bujiku wa Masumbwe utadhani haogopi kitu. Mabega yale ni ya kubebea matimba, magogo ya kuzuia udongo shimoni. Lakini moyo wake ni wa kifaranga, na Ijumaa aliyokwenda kuoa ulikuwa unadunda mpaka kanzu inatikisika. Kanzu yenyewe ya kuazima, imemwishia kwenye muundi. Tangu asubuhi alikuwa akicheka peke yake. Akipewa chai anacheka, akiambiwa kofia imekaa upande anacheka.

Na hofu ilikuwepo, tena tele. Bibi harusi alikuwa Nurjahan, dada mkubwa wa Nazir mwenye duka la vifaa vya wachimbaji, na Nazir hakumtaka Bujiku. Alikubali kwa shingo upande, baada ya dada yake kugoma kupika, na mji mzima ulijua kwamba anatafuta kisingizio kidogo tu avunje shughuli. Bujiku alijua kuliko wote.

Mambo yalianzia dukani. Shimo alilokuwa akichimba Bujiku liliporomoka, rafiki yake Onesmo akafia chini, yeye akavutwa mzima. Tangu siku hiyo mikono ikawa inamtetemeka. Akija kununua betri za tochi ya kichwani, zinamdondoka. Siku moja Nurjahan akaziokota, akamtazama vizuri.

"Kaka Bujiku, huijui dua ya wasiwasi na huzuni?"

Bujiku alisilimu ujanani, lakini alichojua ni Fatiha na sura fupifupi. "Siijui, dada."

"Basi nifuatishe."

Weee! Betri zikawa zinaisha kila kukicha. Wenzake wakadhani amefungua duka. Anasimama pale anafuatisha neno kwa neno, Nurjahan anamsahihisha kwa ukali wa mwalimu wa madrasa, na Nazir huko nyuma anapanga misumari, akidhani ni biashara. Kila mara kabla ya kushuka shimoni Bujiku anaisoma. Mikono ikatulia. Moyo ndio haukutulia, ila hiyo sasa ni habari nyingine.

Haya, turudi kwenye ndoa. Sebuleni kwa Nazir, mkekani, walikaa sheikh, mashahidi, na Nazir na wajomba zake wanne. Nurjahan na wanawake wenzake walikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia. Uani walikuwepo ndugu wa Bujiku, wametoka Kolandoto wakiongozwa na shangazi Rhoda, Wakristo watupu ambao nikahi hawajaiona hata moja. Walikuwa wameambiwa jambo moja tu: bwana harusi akishajibu, shangilieni.

Nazir akamshika Bujiku mkono. "Bujiku, nimekuoza dada yangu Nurjahan kwa mahari mliyopatana."

Jibu lake ni maneno machache, nimekubali kumwoa, hata kasuku angeyaweza. Lakini Bujiku aliutazama uso wa Nazir, akaona dari inashuka na kuta zinasogea kama shimoni, na kinywa kikafunguka chenyewe.

"Allahumma inni a'udhu bika minal-hammi wal-hazan..."

Jamani, mtu anakabidhiwa mke, yeye anaomba kinga! Nazir anaijua maana yake. Ee Mola, nikinge na wasiwasi na huzuni. Akaanza kuiva uso. Na dua ile Bujiku akiianza hajui kuikatiza njiani. Nikinge na unyonge na uvivu: mjomba mmoja akakohoa. Nikinge na ubahili: hapo Nazir, ambaye wateja wote wanamjua kwa mkono wake wa birika, akauachia mkono wa Bujiku. Nikinge na kushindwa nguvu na wanaume, akamalizia, macho kodo kwa wale wajomba wanne.

Huko uani shangazi Rhoda alisikia Kiarabu kirefu, kitamu, akajua ndilo jibu lenyewe. Vigelegele vikapasua paa. Ngoma ikalia. Rhoda akaingia sebuleni akicheza mabega, akawashika wajomba mikono mmoja mmoja, akiwashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja sana, wakwe zetu," huku sheikh akipunga mkono, bado, mama, bado hajaoa.

Nazir alisimama. Ngoma ikafa.

"Umemtukana dada yangu mbele ya mashahidi," alisema. "Yeye ndiye huzuni?"

"Hapana, shemeji," Bujiku akajibu, jasho likimtiririka. "Hiyo naisoma nikiogopa."

"Unaogopa nini?"

"Nakuogopa wewe. Usije ukaninyima."

Nyuma ya pazia kikapasuka kicheko. Ni Nurjahan, hana mbavu, anajaribu kusema na hawezi. Alipopata pumzi akasema, "Nazir, mimi ndiye niliyemfundisha. Kama nilivyokufundisha wewe, mama alipofariki. Ulikuwa hulali mpaka nikusomee."

Nazir alitazama pazia, akatazama mlango wa jikoni alikozoea kumwona dada yake, akaketi taratibu kama mtu aliyechoka ghafla. Akafumba macho, akaanza kuisoma mwenyewe kwa sauti ndogo. Katikati ikampotea. Bujiku akamtajia neno linalofuata, kwa adabu, na lililofuata, mpaka wakafika mwisho wote wawili. Wajomba wakaitikia amina. Shangazi Rhoda naye akaitikia, safari hii kwa upole.

Kisha Nazir akanyoosha mkono tena. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Nimekuoza dada yangu Nurjahan," alisema, "kwa mahari mliyopatana, na kila Ijumaa mje mle kwangu, nyumba hii itakuwa kimya mno."

Maneno hayo ya mwisho hayamo katika nikahi yoyote, na sheikh alifungua mdomo amrekebishe. Bujiku alikuwa ameshayakubali yote.