Maneno Ambayo Baba Hakuyasema

Mwaka nilioanza kusoma mantiki chuo kikuu nilikuwa mtu wa kuudhi sana, na nyumbani kwetu kijijini Ruanda, kule Mbozi, walinivumilia kwa upendo ambao hadi leo sijui niliustahili vipi. Jirani akisema watu wote wamekwenda sokoni, mimi namuuliza kama na yeye amekwenda. Mama akisema, "Ama ule, ama ukalale," nilikula, kisha nikalala, na asubuhi nikamweleza kwamba sikuvunja amri yake. Mama aliendelea kuchambua maharage. "Debe tupu haliachi kuvuma," alisema, wala hakuinua uso.

Baba ndiye aliyenisikiliza. Alikuwa mkulima wa kahawa, maneno yake machache, na hayo machache aliyachunga. Nilimpenda kwa hilo, ingawa lilitutesa.

Msimu wa kuchuma kahawa majirani walisaidiana kwa zamu, leo kwetu kesho kwao, na mchana waliochuma walikula kwa mwenye shamba. Kwetu, neno ambalo mtu amelisema mbele ya waliomchumia kahawa na kula chakula chake si neno la mchezo. Akitaka kulibadilisha, anawaita walewale, anawalisha tena, ndipo anasema. Akilibadilisha kimyakimya, msimu ujao atachuma peke yake na mke wake.

Julai ile mdogo wangu alikuwa darasa la saba. Baba alikuwa amefurahia mavuno, akasimama na bakuli la togwa mkononi, jambo ambalo si kawaida yake. "Huyu binti akichaguliwa kwenda sekondari," alisema, "nitamsomesha mpaka mwenyewe aseme basi." Watu wakapiga makofi. Bibi jirani yetu, ambaye hakosi popote penye chakula, akapiga vigelegele. Mdogo wangu aliinamisha kichwa, akaendelea kukusanya vyombo.

Desemba majina yakabandikwa, na la kwake halikuwemo. Miaka ile nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache mno, na mtoto mwenye akili zake nzuri tu aliweza kuachwa. Lakini shule za binafsi zilikuwa zimeanza kufunguliwa, moja haikuwa mbali na kwetu, na kahawa ilikuwa imepata wanunuzi wazuri. Ada haikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa baba na neno lake, maana hakuwa amewahi kuwaita watu kubadilisha neno, na hakutaka kuanza.

Nilipofika kwa likizo ya Krismasi nilimkuta mdogo wangu amekonda. Ukimsemesha, anajibu ndiyo au hapana, kisha anatafuta kazi ya kufanya nje. Mama alikuwa amembembeleza baba hadi amechoka. "Nimeshasema mbele za watu," ndiyo jibu alilokuwa akipewa. "Maji yakimwagika hayazoleki." Na uso wa baba ulionyesha wazi kwamba angetamani yazoleke.

Hapo nikaona Mungu ameniletea kazi yangu. Nikamfuata baba alikokuwa akipalilia mahindi.

"Baba, ulisema akichaguliwa utamsomesha. Hukusema asipochaguliwa itakuwaje. Hizo ni kauli mbili tofauti kabisa. Ukimsomesha sasa, hujavunja neno."

Akaegemea jembe. "Sikusema?"

"Hukusema."

"Lakini nilimaanisha, mwanangu. Mtu akiniuliza kama watoto wangu wapo nyumbani, nikajibu mmoja yupo, nimesema nini juu ya yule mwingine?"

"Hujasema chochote."

"Na yeye ameelewa nini?"

Nikainama, nikang'oa gugu lililokuwa karibu na mguu wangu. Baba akacheka, kicheko chake kile cha puani, cha kwanza tangu majina yabandikwe. Akalima hatua kadhaa, akasimama tena. "Tutawauliza walionisikia," alisema. "Wao ndio wenye neno."

Jumamosi yake mama alipika wali kwa kuku wa kienyeji, na waliochuma Julai wakaja. Alikuwepo bibi jirani, mzee mmoja wa kanisa, mjomba wetu mwenye duka Tunduma aliyepanda basi asubuhi hiyo, na wengine wa kijijini. Mdogo wangu alipita na birika na beseni akiwanawisha mikono. Baba akawaambia walichoitiwa: wao ndio walioshuhudia neno lake, sasa wamwambie alisema nini.

"Ulisema asipochaguliwa hasomi," wakajibu karibu wote pamoja.

Nikasimama. Nikaeleza sharti na tokeo kama nilivyofundishwa, na kwa kuwa walinitazama tu, nikatafuta mfano. "Mimi nikisema mvua ikinyesha nitabaki nyumbani, je, nimesema isiponyesha nitatoka?"

"Kama isiponyesha ungebaki vilevile," bibi jirani akaniuliza, "hiyo mvua uliitaja ya nini?"

Watu wote uani wakacheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu swali lilikuwa zuri. Baadaye nimekutana na vitabu vizito vinavyouliza lile lile, tena bila wali. Lakini wakati ule kicheko kiliniuma pia, maana nilimwona mdogo wangu amesimama na beseni lake, na nikajua kwamba nimeshindwa.

Baba hakucheka. Alikuwa anawaza. "Sawa," alisema. "Nilisema asipochaguliwa hasomi. Na nilisema atafanya nini?"

"Ataolewa," alisema bibi jirani pale pale. "Nilikusikia kwa masikio yangu haya, mwanangu."

"Hapana, mama," mzee wa kanisa akamkatiza. "Alisema atarudia darasa la saba. Nilikuwa nimekaa karibu naye."

Mjomba akatikisa kichwa. "Shemeji, wewe ulisema atakuja kwangu Tunduma kukaa dukani. Mimi nilishamwambia mke wangu atengeneze kitanda."

"Hakusema hivyo!" mzee wa kanisa akapinga.

"Alisema, mukwai!" Mjomba alikuwa amezoea wateja wa ng'ambo ya mpaka, Zambia, na akipandwa na hasira Kibemba kinamtoka chenyewe.

Penye wengi pana mengi. Mmoja alikumbuka cherehani, mwingine shamba la mpunga la shangazi yetu kule Momba. Kila mmoja alikuwa tayari kuapa, wala hakuna aliyekuwa anadanganya. Walikuwa wamesikia kimya cha baba, na kila mtu akakijaza kwa alichokuwa nacho moyoni. Nilitamani mwalimu wangu awepo, aone kauli moja imezaa watoto watano wasiofanana. Polepole sauti zikashuka. Walianza kutazamana, na mzee wa kanisa akasema, kwa aibu kidogo, kwamba huenda baba kweli hakusema.

Nilidhani limekwisha, na nilimgeukia mdogo wangu ili nimwone akitabasamu. Hakutabasamu. Baba naye alikuwa anamtazama.

"Na wewe?" alimuuliza. "Ulikuwepo. Wewe ulisikia nini?"

Mdogo wangu aliyatazama maji ya beseni. Alijibu kwa sauti ndogo, lakini tulimsikia sote.

"Nilisikia nikikosa, hunitaki."

Sikujua niangalie wapi. Mwezi mzima tulikuwa tumehangaikia neno la baba, limefunga nini, limeacha nini, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza mwenyewe limemwambia nini. Mama alijifuta macho kwa pindo la kanga. Bibi jirani, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisogeza sahani yake kando.

Baba alinyanyuka.

"Hilo sikulisema," alisema. "Wala sikulimaanisha."

Akamsogelea, akachukua birika mkononi mwake, akaweka beseni chini. Akamwambia akinge mikono. Mbele ya watu wote waliomchumia kahawa, baba akammiminia mtoto wake maji, taratibu, mpaka maji ya birika yakaisha.

"Sasa kaa ule," akamwambia. "Januari unakwenda shule."