Pai ya Ardis Ndani ya Ndoo ya Aiskrimu

Verlyn Tostrud alikuwa amerudishiwa kitanda chake, na ukitaka kumwelewa huyu bwana, anzia hapo. Kwa miaka mingi alilala chini ya nyumba, katika kile chumba cha ardhini ambamo sisi wa mji wa Ekedal huweka friza kubwa, mashine ya kufulia na mitungi ya matango ya siki. Mkewe, Ardis, alikwisha kutoa hukumu: mvuta sigara halali juu. Hakumfukuza kwa kelele. Hapa Minnesota kelele hatuna. Alimteremshia mto wake wa kulalia, akauweka juu ya kitanda cha kukunja, akamuuliza kama angependa blanketi la pili. Basi. Verlyn aliendesha lori la maziwa mpaka akastaafu, huku nyumbani akilala ubavuni mwa friza, na friza ilipoanza kunguruma aliota bado yuko barabarani.

Kilichomtoa chini ni vepu, ile sigara ya umeme inayotoa mvuke. Pakou, yule binti wa Kihmong, watu waliotoka Laos, mwenye duka la vepu karibu na kinyozi, aliuza kichupa chenye ladha ya pai ya rubabu. Rubabu ni yale mabua mekundu yanayoota nyuma ya kila nyumba hapa, machachu kiasi cha kukukunja uso, na hakuna anayeyajua kama Ardis. Pai yake huchukua utepe wa buluu wa mshindi kwenye maonyesho ya wilaya mpaka wanawake wengine wameamua kushindana kwa keki tu ili wasikutane naye. Verlyn alikivuta kile kichupa palepale kaunta, akafumba macho, na sigara ikawa imekwisha. Majira ya baridi yalipopita bila harufu ya moshi, Ardis aliubeba mto akaupandisha juu. Verlyn mwenyewe ndiye aliyeniambia, na mwanamume wa huku akimsimulia jirani habari za kitanda chake, ujue furaha imemzidi nguvu.

Kisha, baridi iliporudi, redio ikaleta balaa. Wabunge wa jimbo letu kule Saint Paul walikuwa wanajadili kupiga marufuku ladha zote za vepu, ibaki ya tumbaku tu, kwa sababu utamu unawanasa watoto wa shule. Sikatai. Mjukuu wangu mwenyewe alikutwa chooni shuleni na kidude chenye ladha ya pipi, nami nilikasirika kweli. Lakini Verlyn si mtoto wa shule. Verlyn ana nyonga ya chuma. Alikimbia kwa Pakou, kwa mbio za mtu mwenye nyonga ya chuma, akakuta kichupa chake hakipo.

"Watengenezaji wameogopa, mzee," Pakou alimwambia. "Sheria haijapita na wao wameshafunga virago. Ya tumbaku ninayo."

"Ya tumbaku itanikumbusha tumbaku, binti yangu. Nitarudi kwenye sigara, na nikirudi kwenye sigara narudi kwa friza."

"Basi changanya mwenyewe."

Verlyn alicheka, akidhani anataniwa. Pakou hakucheka. Alimpangia kaunta nzima: chupa ya gliserini, nikotini iliyokwisha kuzimuliwa, glavu, mizani ndogo, na vichupa vya ladha ya rubabu, stroberi, vanila na ukoko wa pai. Akamfundisha polepole kama anayemfundisha baba yake simu mpya. Mafuta ya kupikia hayaingii humo kamwe. Nikotini isiguse ngozi. Ladha ipimwe kama ilivyoandikwa, kisha mchanganyiko uachwe ukae mpaka ukolee. Verlyn alipofika mlangoni na mfuko wake, Pakou akamwita tena.

"Na usiionee huruma ladha, mzee. Mimi nawajua nyinyi."

Anatujua. Huku kwetu ketchapu ndiyo pilipili. Mama yake Verlyn alinunua kopo moja la pilipili manga alipoolewa, na siku tulipomzika kopo lilikuwa bado linasikika likitikiswa. Kwa hiyo Verlyn aliposoma kipimo cha ladha aliona hicho ni kichaa cha vijana. Akakigawa nusu. Halafu, kwa kuhofia kuharibu, akaigawa na hiyo nusu. Mkono wake ulikuwa wa birika hata kwa kitu alichokwisha kukinunua.

Ardis aliweka sharti moja: si jikoni kwake, na si kwa vijiko vyake. Ilimbidi Verlyn ashuke tena chini na kufanya kazi juu ya meza ya kukunjia nguo, ambayo mguu wake mmoja ni mfupi, hivyo mizani ikawa inayumba kila alipopumua. Aliniambia moyo ulimpasuka alipozishuka zile ngazi.

"Nashuka kwa hiari yangu, Orrin," alisema. "Kwa hiari. Lakini miguu haijui tofauti."

Ilipokolea, alituita gereji tuionje, mimi na Lester Quamme, mfugaji wa bata mzinga, kwa kuwa sote tuliacha sigara kwa njia ileile. Tukavuta. Ilikuwa kama kuinamia birika la maji yanayochemka. Lester akatazama dari. Mimi nikatazama theluji nje. Verlyn alikuwa amesimama mbele yetu na glavu zake, akisubiri.

Lester akasema si mbaya. Nami nikasema si mbaya hata kidogo, tena sioni haya kusimulia. Kwetu mtu akikupa kitu alichokitengeneza kwa mikono yake, humwambii ni kibaya. Utakufa nacho mdomoni, na utakufa ukishukuru. Mwenye akili hasikilizi maneno. Hutazama kama mkono unarudia. Verlyn anayajua hayo tangu akiwa mtoto na hakuna mkono uliorudia pale gereji, lakini alitamani mno kutuamini, na siku hiyo akatumia masikio peke yake.

Kwa nguvu ya zile "si mbaya" mbili, alirudi chini akachanganya mpya, safari hii ndani ya ndoo tupu ya aiskrimu. Hapa hakuna anayetupa ndoo ya aiskrimu. Tunaweka humo misumari, supu na chakula cha ndege. Aliijaza mpaka juu, akaweka kifuniko, na juu ya kifuniko akabandika utepe wa karatasi alioandika kwa herufi kubwa: PAI YA ARDIS.

Sasa mateso yakaanza. Kuimwaga hawezi, kwa sababu sisi hatumwagi kitu. Kuivuta ni kuvuta hewa. Alitoa mawingu makubwa mpaka ungedhani gereji inaungua, na ulimi wake ukabaki mtupu. Akaanza kutafuna vijiti vya meno. Akamfokea mbwa, kisha akamwomba mbwa msamaha. Siku moja nikamkuta kwenye kituo cha mafuta, ameketi ndani ya gari lake dogo la mizigo, ameshika pakiti ya sigara kwa mikono miwili, nailoni yake bado haijatoka.

"Sijaifungua," alisema.

"Sijauliza."

"Naishika tu."

Nilimwonea huruma sana. Basi nikaegemea dirisha lake nikazungumzia upepo, naye akazungumzia upepo, mpaka tukaona aibu ya kuendelea. Aliitia pakiti mfukoni mwa koti na kuwasha gari.

Jumapili baada ya ibada tulikuwa kwenye kahawa katika ukumbi wa kanisa. Verlyn aliinama kuchukua kipande cha keki ya limau, na pakiti ikadondoka kutoka kwenye koti, ikateleza sakafuni, ikasimama kwenye kiatu cha Ardis. Ukumbi wote uliiona. Ukumbi wote ukaanza kuulizana kama theluji itaanguka tena kabla ya Jumatano. Ardis aliiokota kwa kitambaa cha karatasi, akampa mumewe mkononi, na akamalizia kahawa yake bila kuharakisha. Nilimtazama Verlyn. Uso ulikuwa umemshuka kama wa mtu aliyesomewa hukumu.

Mchana ule nilikwenda kwao kurudisha mashine ya kusukumia theluji. Ningeweza kuirudisha siku nyingine, najua. Nilimkuta Ardis kwenye ngazi za kushukia chini, mto wa Verlyn kwapani, na Verlyn nyuma yake akieleza kwamba pakiti haikufunguliwa. Ardis akaniambia karibu, shemeji, kahawa ipo, akaendelea kushuka. Nikafuata. Hakuna aliyenikataza.

Alikitandika kitanda cha kukunja vizuri, akauweka mto, akaupigapiga. Alipoinuka ndipo alipoiona ndoo juu ya meza ya nguo. Akasoma jina lake, kisha akalisoma tena, na akafunua kifuniko na kuinamisha pua. Alikaa hapo muda, kama anayesubiri mtu aitike mlangoni.

"Washa hicho kidude chako," alimwambia Verlyn. "Pulizia kule kwenye mashine ya kufulia."

Verlyn akapuliza. Ardis akaingia katikati ya wingu na kunusa kushoto, kulia, juu. Akanigeukia.

"Shemeji, wewe uliionja hii?"

"Niliionja."

"Ukasemaje?"

Nikatazama mitungi ya matango. "Nilisema si mbaya."

"Mliambiwa ni pai yangu, mkasema si mbaya." Akavuta pumzi. "Verlyn, mume wangu. Hii ni mbaya."

 Mimi nimezaliwa mji huu na sikuwahi kusikia mtu akimwambia mwenzake neno hilo usoni. Nilidhani Verlyn ataangusha chozi, na kweli macho yalimlowa, lakini alikuwa anatabasamu mpaka masikioni.

"Mbaya kiasi gani?" aliuliza.

"Mbaya sana. Haina uchachu. Haina kitu. Umeweka ladha au umeionyesha tu ndoo?"

Alikunja mikono ya gauni lake la kanisani, akavaa glavu, na kuvuta kiti. Akasoma kipimo cha Pakou, akamwangalia Verlyn, akakisoma tena. Rubabu akaipandisha mpaka ilipoandikwa, kisha akaipandisha zaidi. Alisema stroberi ni ya watu wasiojiamini, akaipunguza. Akauliza kama kuna kitu cha kuleta ukali wa limau, na Verlyn akakumbuka kichupa cha matone machachu alichopewa na Pakou, ambacho hakuwahi kukifungua kwa woga. Mizani ikayumba. Ardis akanyoosha kiganja bila kutazama.

"Lete hiyo pakiti."

Verlyn akaitoa pakiti mfukoni, akampa. Ardis akainama akaisukuma chini ya mguu mfupi wa meza. Meza ikatulia, mizani ikatulia, kazi ikaendelea.

Wabunge walijadili mpaka wakachoka, wakaenda makwao bila kuamua, wakasema watalitazama tena mwakani. Kichupa cha dukani kilirudi kwa Pakou. Verlyn hakukinunua. Pakou aliniambia kwamba siku hizi anayekuja kununua ladha ni mama mmoja mwenye koti la kanisani, anayenusa kila kizibo na kumuuliza maswali mpaka anatoka jasho.

Nilikwenda tena kwao Jumapili moja, kurudisha ngazi ambayo sikuwa nimeigusa tangu majira ya joto. Waliniita chini. Nikapewa vepu, nikavuta, na uso ukanikunja kama utotoni tulipokuwa tunayatafuna mabua mabichi nyuma ya nyumba, kisha utamu ukafuata, kisha ukoko wenye siagi. Wote wawili walikuwa wananitazama.

"Si mbaya," nilisema.

Ardis hakujali nilichosema. Alikuwa anautazama mkono wangu, nao ulikwisha kurudi mdomoni.

Pakiti bado iko chini ya mguu wa meza, imebonyea, nailoni yake nzima. Nikamuuliza Verlyn kama mto wake umesharudishwa juu. Alikohoa, akaanza kuzungumzia upepo. Nikageuka kukitazama kitanda cha kukunja karibu na friza. Kilikuwa kimeondolewa na mahali pake pamewekwa kitanda kipana, na mito ilikuwa miwili.