Mama Anaamini Nimefunga

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata rafiki niliyekaa naye dawati moja: mimi sifungi. Mama anaamini nimefunga, majirani wanaamini nimefunga, na kila magharibi nanyanyua mikono kuitikia dua ya kufuturu ilhali tumboni nina yai na tango nililokula mchana nimejificha.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza shule mwaka huu, naishi Nyakabiga hapa Bujumbura pamoja na mama na wadogo zangu. Mimi si msemaji. Hata darasani nilikuwa nalijua jibu nikaacha mwingine anyanyue mkono. Ndiyo maana nawaandikia, dada zangu.

Ramadhani ilipoisha nilianza kuwa na kiu isiyokatika na kuchoka bila kazi. Nikaenda peke yangu kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja mpole, alinitoboa kidole, akaangalia kimashine chake. "Sukari yako imeanza kupanda," akaniambia. "Bado haijafika pabaya, tutaanza na chakula. Bugali punguza, chai ya sukari acha, maandazi na fanta sahau. Kula mboga na maharage, kidogo kidogo, usishinde njaa. Na nyumbani uwaambie, wakusaidie."

Niwaambie vipi? Baba yangu alikuwa mpakiaji mizigo bandarini, mtu wa kifua kipana, na ni sukari iliyofanya akatwe mguu, kisha ikamchukua. Mama ndiye aliyekuwa akimwosha kidonda cha mguu. Matanga yalipoisha aliniambia, "Huu ugonjwa ukirudi tena mu hii nyumba, mi sitauweza." Hakulia alipolisema hilo. Mpaka leo mtu akiutaja mbele yake, anainuka na kutoka.

Basi nikaamua kufanya rejimu yangu, yaani kula kwa masharti ya muuguzi, kimya kimya. Lakini kwetu tunakula sinia moja. Bugali la muhogo linakaa katikati, kila mtu anamega upande wake, na mama anaona upande wa nani haupungui. Siku ya kwanza nilikaa bila kunyoosha mkono. Akaniuliza, "Mbona hauli? Unalipa deni ya Ramadhani?" Dada zangu mnajua, kuna siku hutupita tukazilipa baadaye. Sikujibu, niliinamisha macho tu. Mama akalisogeza sinia kwa wadogo zangu, akasema, "Mungu akupokelee." Nilidanganya hivyo, bila kufungua mdomo.

Nilifurahi kwamba nimelikwepa sinia la mchana. Jioni sikuifikiria. Magharibi nilikuta mkeka umetandikwa na mama ameniandalia kama Ramadhani yenyewe: tende, uji wa sukari, ndizi za mawese, maandazi ya moto, maji matamu ya tunda la marakuja. Nikitaka kuuacha uji, ananiongezea. "Kunywa, mama. Mutu aliyefunga, sukari ndiyo inamurudishia nguvu." Na mimi nakunywa, kwa sababu anakaa mbele yangu akiniangalia kwa furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu baba aondoke. Siku moja nilisema nifunge kweli, angalau nisiwe mwongo. Alasiri nikashikwa na kizunguzungu, mama akanishika kichwa na kuninywesha maji ya sukari.

Deni lenyewe liliisha zamani. Mama aliponiuliza kama naendelea kwa sunna, nikaitikia kwa kichwa. Sasa nasifiwa mtaa mzima. Jirani yetu mmoja, nitamwita Mama Zaina ingawa si jina lake, huleta sahani ya kaimati akinitania: "Huyu mutoto anafunga kushinda shehe, lakini mashavu ndiyo inaongezeka. Hii saumu yako iko na mafuta gani?" Mama hucheka. "Muache, ni baraka hiyo." Mimi nacheka nao.

Niliporudi kupimwa, muuguzi aliangalia kimashine mara mbili. Sukari ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. "We dada," akasema, "hii rejimu unaifanya, ao unanifanyia mchezo? Jioni unakula nini?" Nikaangalia viatu vyangu. Akanihurumia, akapunguza sauti. "Siku ingine kuja na mama yako. Peke yako hautaweza."

Ningeweza kuvumilia mpaka hapo. Lakini mama ana vidonda vya tumbo, daktari alimkataza kukaa na njaa, hata Ramadhani hafungi, hutoa chakula kwa maskini. Juzi nilimkuta ameacha kula mchana. Nikamwomba ale. "Apana," akasema. "Mutoto wangu anafunga peke yake, mi nakula mbele yake? Umenitia haya." Jana alasiri alikuwa amelala kwenye mkeka, goti limekunjwa, ngumi ameikandamiza tumboni. Nikamuuliza kama nimletee maziwa. "Si kitu," akasema. "Ni shetani tu, anataka nifungue."

Nilikuwa na tango kwenye mkoba. Niliingia ndani nikalia.

Nikimwambia ukweli, nitalitamka lile neno aliloniambia hataliweza, na atajua pia kwamba ameteseka kwa saumu isiyokuwepo. Nikinyamaza, yeye anaumia mchana na mimi naumia jioni. Nikisema tu kwamba nimeacha sunna, sinia linanisubiri, na mama atanisukumia matonge makubwa ya bugali. Nimejaribu kuomba, lakini naona haya kumwomba Mungu niliyemtumia kudanganya.

Dada zangu, mama zangu mnaosoma hapa, nishikeni mkono. Neno la kwanza niseme lipi, na nilisemee wapi?

Naandika haraka. Adhana imekaribia, mama yuko uani anakoroga uji, anajikunja kisha anaendelea kukoroga. Kama unaishi mitaa yetu na umenitambua, tafadhali kaa na hili moyoni mwako. Usimwambie, hata kwa nia njema. Likimfikia kwa mdomo wa mtu mwingine, atainuka na kutoka, na mimi sitajua nimfuate wapi.