Jerikeni Niliyoirudia

Nilipokuwa na miaka kumi hivi, mwanzoni mwa miaka ya themanini, kazi yangu kubwa nje ya shule ilikuwa kungoja maji yajae shimoni. Watu wasiotoka Kitui wakisikia neno mto hufikiria maji yanayoonekana. Mto wetu, mwendo wa saa moja kutoka kijijini kwetu Tulia, ulikuwa mchanga mtupu karibu mwaka mzima, na maji yalikuwa chini yake. Kila boma lilikuwa na shimo lake mchangani, limezungushiwa matawi ya miiba ili mifugo ya watu isilichafue. Ulichuchumaa ndani, ukachota kikombe kimoja, ukangoja maji yajikusanye, ukachota kingine. Kiangazi kikizidi, jerikeni moja ilikula nusu saa na zaidi.

Nyanya mzaa baba, ambaye tulimwita Susu, alikuwa na sharti moja kuhusu mahali hapo. Upepo wa baridi ukija kutoka upande wa vilima, umebeba harufu ya udongo uliolowa, na huku kwetu jua linawaka, basi aimu, yaani wazee wetu waliokufa, wako njiani kuja kuoga. Unatoka mtoni papo hapo, mikono mitupu. Chochote kilichobaki mchangani ni chao tangu dakika hiyo, na ukikirudia umewaibia. Aliyasema haya bila kututisha, kama mtu anayekuelekeza njia ya kwenda sokoni.

Mama hakuyapenda. Alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, wa kuongoza maombi ya akina mama kila Alhamisi, na hakutaka nilelewe na mizimu. Kubishana na mama mkwe wake mbele yangu lilikuwa jambo lisilofanyika. Lakini njiani, Susu akiwa ametangulia na punda, Mama aliniambia kwa sauti ya chini, "Mumbua, hakuna aimu. Ni mvua imenyesha huko milimani, na maji yake yanateremka. Ni maji tu. Ukisikia upepo huo, toka."

Kila neno lake lilikuwa kweli. Mwalimu wetu wa jiografia hangekuwa na la kuongeza. Lakini mimi nilipenda kujiona mjanja kuliko binamu zangu waliowaogopa aimu, na katika maneno yote hayo nikashika mawili: maji tu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi mchana, mvua ikiwa bado haijafika kwetu. Tulikuwa watatu: Mama, Susu na mimi. Jerikeni mbili zilikuwa zimeshapandishwa ukingoni alipofungwa punda. Ya tatu nilikuwa nimeijaza mwenyewe hadi shingoni, nikaiziba kwa gunzi la hindi. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nilikuwa nimeudhika, maana wenzangu walikuwa wanacheza.

Upepo ulipokuja, Susu alikuwa tayari amesimama. "Tokeni," akasema. "Wanakuja."

Tukatoka mbio. Nilipofika ukingoni nikageuka. Jerikeni yangu ilikuwa pale kando ya shimo, hatua thelathini hivi, na mto ulikuwa mkavu kabisa, hauna habari. Nikapiga hesabu zangu. Kama ni maji tu, nitayaona yakija. Nikateremka.

Jerikeni iliyojaa haibebwi na mtoto wa miaka kumi, huburutwa. Nilikuwa nimeiburuta kidogo tu niliposikia mngurumo kama wa lori kwenye barabara ya mawe, na pale kwenye kona mto ukatokea. Nilichokiona kwanza hakikuwa maji. Kilikuwa magogo, matawi na povu la rangi ya udongo, vyote vinakuja pamoja. Na hapa ndipo penye aibu yangu hadi leo: sikuiachilia. Niliendelea kuvuta. Nusu saa yangu ilikuwa mle ndani.

Mama alinifikia, akanipiga vidole hadi vikafunguka, akanisukuma mbele yake. "Kimbia, we mtoto!" Maji yalinikuta magotini karibu na ukingo, Susu akanidaka mkono. Mama alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Gogo lilimpiga mguu, akaanguka, akazama, akaibuka. Susu akamrushia ncha ya kamba ya punda na kumchapa yule mnyama kwa fimbo, naye kwa mara moja maishani mwake akatii, akavuta. Hivyo ndivyo tulivyompata Mama.

Mguu wake haukunyooka tena. Kila Jumapili nilimtazama akipita katikati ya viti vya kanisa akichechemea, na sikuzoea. Hakuna aliyenichapa. Susu hakusema hata siku moja kwamba alituonya. Ningefurahi kama wangenichapa.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Susu akiwa ameshafariki, niliwapeleka watoto wangu kwa Mama wakati wa likizo. Asubuhi moja nilimkuta nao ukingoni, anawaeleza habari za aimu wanaokuja kuoga. Alisimulia kama Susu, hakupunguza kitu. Kisha akawaambia wafumbe macho, akawaombea kwa jina la Yesu.

Mimi mwenyewe siamini kwamba wafu huoga mtoni. Najua mvua ya mbali, na najua mto usio na maji huvuta watu katikati yake hasa wakati wa shida ya maji. Najua pia mtu mwenye kiu anavyoitazama jerikeni aliyoijaza kikombe kwa kikombe.

Jioni ile tukichambua pojo nilimwuliza Mama kama siku hizi anawaamini aimu.

"Siwaamini," akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. "Lakini wewe nilikuambia ukweli mtupu, na ukarudi."