Togwa ya Mama Mwalimu iliyogoma kulainika

Saa tatu asubuhi umeme umerudi Miburani, kisiwani Mafia, na Cresensia Ndunguru, mwenye miaka sitini na mmoja, amekaa kwenye kigoda akitazamana na namba nyekundu ya mashine ya kupimia joto. Namba inasema 58. Sufuria inasema mengine: uji unatoa mvuke wa kuunguza pua, na jiko la umeme bado linawaka.

"Inasema haujafika," anasema. "Na mimi ndiye niliyeinunua, nitaiitaje mwongo mbele ya watu?"

Watu wenyewe ni mmoja, jirani yake Bi Mwanaharusi, aliyeingia tangu mapema kwa kisingizio cha kurudisha ungo. Keshokutwa Jumamosi mjukuu wake Safia anaolewa, na togwa ya shughuli imeagizwa hapa, ndoo tatu. Sufuria ya majaribio ya Jumatatu ilitoka uji. Ya Jumatano nayo uji.

"Tena uji wa kuliwa kwa uma," anasema Bi Mwanaharusi. "Wakwe wanatoka Kiegeani. Watasema tumewapokea kama wagonjwa."

Togwa haina uchawi. Unapika uji wa mahindi, unauacha upoe kiasi, kisha unatia kimea, yaani ulezi uliooteshwa, ukaanikwa na kusagwa. Kimea kikikuta joto la nyuzi sitini na kitu, uji unalainika na kuwa mtamu bila hata punje ya sukari. Kikikuta moto mkali kinakufa, na uji unabaki uji. Ikikaa siku nyingi nayo inachachuka, ndiyo maana Cresensia hauzi togwa iliyolala.

"Wateja wangu wengi ni Waislamu," anasema. "Nikikosea siku moja tu nitaitwa Mama Pombe mpaka naingia kaburini."

Kwa sasa anaitwa Mama Mwalimu. Alikuja Mafia mwaka 1999 akimfuata mumewe, Mwalimu Sadock, mtu wa Mbinga kama yeye, aliyehamishiwa huku kufundisha. Mwalimu alifariki miaka sita iliyopita, akazikwa Kilindoni. Mjane akabaki na togwa yake, lita arobaini kwa wiki, na ulezi anaoletewa kutoka Songea kwa basi, ukavuka bahari kutoka Nyamisati kwa boti.

Mama yake alimfundisha kupima kwa kidole. Unachovya, unahesabu. Kidole kikikimbia chenyewe kwenye tatu, tia kimea. Lakini kisukari kimemtia ganzi vidole vyote kumi.

"Mwaka juzi kidole kilikaa ndani kimetulia," anasema. "Bi Mwanaharusi ndiye aliyepiga kelele. Mimi nilikuwa bado nahesabu."

Baada ya hapo Hafidhi, fundi wa majokofu ya samaki Kilindoni, alimfungia kifaa: uji ulioiva na kupoa unarudishwa jikoni, waya wenye ncha ya chuma unazama ndani, na namba ikifika 62 jiko linajizima. Kwa mwaka mzima hakikumwangusha. Wiki iliyopita ncha ililiwa na kutu, Hafidhi akaleta waya mpya unaong'aa. Tangu siku hiyo, uji.

Binti yake wa Songea anapiga simu kila jioni: vidole vimekataa, mashine imekataa, mama anangoja nini huko kisiwani?

"Nimejipa sufuria ya leo," anasema Cresensia, polepole. "Ikigoma na hii, nauza jiko, naenda."

Bi Mwanaharusi ghafla anapata kazi ya kupanga vifuniko ambavyo vilikuwa vimepangwa.

Hafidhi anaingia na ndoo ya barafu ya samaki. "Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Muulize mwenzako anaumwa nini."

Fundi anazima jiko, anaponda barafu, anaichanganya na maji na kuchovya ncha. Hapo namba inatakiwa iwe sifuri. Inashuka kwa uvivu, inasimama kwenye tisa. Anaivuta, anaisogeza karibu na macho.

"Mama, hii nini?"

"Nailoni. Safi, nimeiosha."

"Naiona ni safi. Kwa nini waya umeivaa?"

"Mpya huo. Ule wa kwanza si uliliwa na kutu?"

Bi Mwanaharusi anamtetea jirani. "Rimoti yetu nyumbani ina nailoni yake tangu tuinunue, na inafanya kazi."

"Rimoti haipikwi, bibi."

Anafungua mpira uliofungwa kwa adabu, anaivua nailoni. Ndani yake kulikuwa na hewa, anaeleza, na hewa hiyo ilizuia joto la uji lisiifikie ncha. Namba ilikuwa ya chini, kwa hiyo jiko likaendelea kuwaka. Kwenye barafu sasa inasoma sifuri. Kwenye birika linalochemka, 99. Kwenye uji, 81.

Cresensia anaikunja ile nailoni. "Basi masikini haikusema uongo. Mimi ndiye niliyeiziba masikio."

Wanasubiri. Namba inapofika 62, Bi Mwanaharusi, ambaye haamini umeme wala mafundi, anachovya kidole chake mwenyewe. Moja, mbili, kwenye tatu kinatoka mbio. "Tia," anasema.

Baada ya saa moja mwiko unazunguka mwepesi. Cresensia haonji, daktari amemkataza. Bi Mwanaharusi anakunywa upawa mmoja, wa pili, na wa tatu, akidai bado hajapata uhakika.

"Tamu, Mama Mwalimu."

"Kweli, au unanionea huruma?"

"Huruma ya kuniaibisha mbele ya wakwe ninaitoa wapi mimi?"

Cresensia anacheka, halafu anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Anasema ni mvuke. Anataka sufuria ya pili, kubwa, kabla ya Maulidi. Anataka pia kuzungushia kaburi la Mwalimu ukuta mdogo, mbuzi wasipite.

Simu inaita mapema kuliko kawaida. Anaipokea akiwa ameshika mwiko.

"Usitume nauli, mwanangu," anasema. "Tuma ulezi. Magunia mawili."