Nilichanika nikijifungua, choo kikawa hakibaniki: mama mkwe ndiye aliyenirudisha kwaya

Wakuu, hamjambo. Mnaokula malizeni kwanza. Haya yalinipata mimi mwenyewe na chumvi siongezi.

Miaka ya tisini niliolewa Magunga, upande wa Homa Bay. Kifungua mimba wangu nilimzalia nyumbani, toto kubwa, nikachanika hadi nyuma.

Kidonda kilipona. Lakini ushuzi ukawa unatoka bila kuniomba ruhusa, na tumbo likilegea, hata choo.

Na mimi ndiye nilikuwa soprano wa kutegemewa kwenye kwaya ya Wasabato!

Nikajitungia dawa. Kuanzia Alhamisi jioni siweki kitu mdomoni, ili Sabato nisimame tumbo tupu. Kanisani wakanisifu eti nafunga na kuomba. Mchungaji akanitaja mimbarini. Natukuzwa huku nakonda, na maziwa ya mtoto yanakauka.

Mama mkwe hakudanganyika. Ijumaa moja mtoto alilia njaa, akanikalisha jikoni.

"Nyathina, mtoto wangu, Mungu gani anataka maziwa ya mtoto? Sema ukweli."

Nikalia, nikasema yote. Hakucheka, hakuyapeleka kwa majirani. Jumatatu tukaenda hospitali, Homa Bay.

Nesi alikuwa Mkuria wa Kegonga na sisi ni Wajaluo, kwa hivyo tukaongea Kiswahili. Alituelezea kwamba pale nyuma kuna pete mbili za misuli. Ya ndani hujibana yenyewe hata ukilala. Ya nje unaibana wewe. Halafu kuna misuli iliyotandazwa chini ya nyonga, inabeba kibofu, kizazi na utumbo kama mbeleko. Na pale kwenye zile pete panatambua kama kilichofika ni hewa, maji ama kigumu!

Wakuu, mimi nilistaajabu sana. Tunasifu macho na miguu, na hii misuli inatulindia heshima kila siku bila hata asante.

Aliponipima akaniambia nibane. Nikabana kwa nguvu zote.

"Wee, hapo unasukuma, unataka kuzaa tena? Vuta juu, kama unazuia ushuzi mbele ya wakwe."

Na mkwe mwenyewe ameketi hapo!

Nikainuka twende. Mama mkwe akabaki kitini, macho chini.

"Sista, hii mazoezi, hata mtu mzee inaweza saidia?"

Nikaketi tena. Kumbe tangu amzae mume wangu alikuwa akiishi na shida hiyo hiyo, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kwaya nikaiacha kwanza, na nyumbani akageuka kocha. Tukimenya njugu, anaongoza: vuta, achilia, usifunge pumzi. Maji akamwagiza mwanawe alete na baiskeli, mimi nisibebe mizito. Wanaume wenzake walimcheka, lakini alileta. Ile familia naiheshimu mpaka leo.

Haikuwa miujiza. Ilichukua miezi, na kuna siku nilikata tamaa.

Sabato niliyorudi kwaya nilikuwa nimekula ugali na samaki nikashiba. Nikapanda ile noti ya juu, nikaishikilia mpaka mwisho. Mkavu kabisa! Kanisani kwetu hatupigi vigelegele, ila siku hiyo mama mmoja alipiga, na mnamjua.

Funzo: usijitibu kwa njaa wala kwa aibu. Wengi husaidiwa na mazoezi, wengine huhitaji kushonwa, kwa hivyo nenda upimwe.

Yaliyowapata nanyi yawekeni hapa, hata kwa ID mpya. Na mama yako muulize leo. Ukingoja yeye aanze, utangoja miaka.