Ngozi Niliyoibandika Ukutani

Ilikuwa mwaka ule wa ugali wa unga wa njano. Ndizi zetu tulikuwa tumeziacha mlimani, kwenye mahame, tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa hapa Mugoma. Anayesema niliota, aje apapase ukuta wangu.

Mimi nilipamba kuta kuliko mwanamke yeyote hapa, na sijivuni bure. Nilisiliba mavi ya ng'ombe na majivu, yakiwa bado mabichi nabandika nilivyookota: vigae, maganda ya mgomba, matambara. Juu yake udongo mweupe, kisha masizi, kisha vingine tena. Jirani yangu, Mama Yustina, alinicheka: "Wewe iko siku utambandika na mumeo."

Wakubwa wa wilaya walikuwa waje kutazama nyumba zetu. Siku moja kabla, nikapanda kwenye mahame kutafuta vya kumalizia. Kwenye nyumba moja iliyobomoka nikakuta ngozi ya kondoo ya kubebea mtoto, imetundikwa. Nikaichukua, nikaikata maumbo ya ndege wawili, korongo, nikawabandika.

Jioni, mvua inanyesha, mwanamke akasimama mlangoni na mtoto mikononi. Hata hakusalimia.

"Dada, nipe ngozi yangu. Mikono imechoka."

Ningeharibu picha yangu, na wageni wanakuja asubuhi? Nikamwambia siing'oi. Nikamnyooshea kanga yangu mpya.

"Sitaki nguo. Nataka kilichombeba."

Akageuka. Niamini, kwa matope yale yote, miguu yake ilikuwa mikavu.

Nikamkimbilia Mama Yustina, nikamsimulia. Safari hii hakucheka.

"Ana kovu shavuni?"

"Analo."

"Huyo alikuwa wa upande wetu wa mlima, tulimzika na mwanawe kule kule mgombani, kabla hatujahamishwa. Ngozi mumewe alikataza isiguswe."

Asubuhi wakubwa walinisifu, wakanipigia makofi. Nikainamisha kichwa. Wakadhani ni adabu.

Walipoondoka nikajaribu kuibandua. Ilikuwa imekwisha shikana na udongo, ikamegukia vidoleni. Nikasiliba juu yake. Mpaka leo, kila nikisiliba, korongo wale wanajitokeza tena, wamelowa, wananuka maziwa.

Wewe unayeokota vitu kwenye hame, usijiambie havina mwenyewe. Kwanza uliza nani kalala pale. Mimi kila masika napanda kule na kanga mpya, naitandika mgombani, naomba radhi. Na kila masika ananijibu:

"Sitaki nguo. Nataka kilichombeba."